Kijana wa Kipimo

Palikuwa na nchi, na ipo mpaka leo. Ukipita karibu na mpaka wake baada ya chakula cha mchana utaisikia ikikoroma. Inaitwa Shwarini. Ukiona inafanana na ya kwenu, pangusa miwani. Shwarini ina Baraza la Nathari Tulivu na Vijana Wanaosadikika; ya kwenu haina. Kwenu mambo hayo hufanyika bila baraza.

Kazi ya Baraza ilikuwa kuchagua riwaya ambazo watu wangeruhusiwa kuzipenda. Na kila riwaya, kwa amri, ilipaswa kuwa na kijana ndani yake, kwa sababu Serikali ya Shwarini iliwapenda sana vijana. Iliwaita hazina. Na hazina, kila mwenye akili anajua, haiachwi izurure. Hufungiwa.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mangushi, aliyepewa kiti hicho baada ya kuandika dibaji nzuri sana ya kitabu ambacho hakikuandikwa. Makamu wake alikuwa Bi. Zamoyoni, mlinzi wa tashbihi: kila ukurasa ulikuwa na haki ya tashbihi moja, nayo isiwe na meno. Na msomaji, yule wa kuisoma miswada kwa sauti mbele ya Baraza, alikuwa Hiyari Kungulilo, zamani mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mtu mwembamba mwenye sauti nene, utadhani Mungu alimwazima sauti ya mtu mwingine, akasahau kuja kuichukua. (Samahani, Bi. Zamoyoni. Ndiyo hiyo moja ya ukurasa huu.)

Tumfuate huyo Hiyari, maana kisu kitapita kwake.

Mtihani wa kwanza wa kila mswada ulikuwa wa nathari. Mheshimiwa Mangushi alikuwa akila pilau, akishushia maziwa ya mgando, kisha akijilaza kwenye kochi la Baraza. Hiyari alisimama mbele yake akasoma. Mheshimiwa akisinzia kabla ukurasa haujaisha, nathari ilitangazwa kuwa tulivu, yenye staha, inayofaa mashuleni. Akijigeuzageuza, ilikuwa na mawe. Mwandishi akaichekeche upya. Akifumbua jicho, hata moja, mswada ulipelekwa jikoni. Chai ya Baraza ilisifika nchi nzima kwa kuchemka upesi.

Mtihani wa pili ulikuwa wa kijana. Hapo Shwarini iliwazidi akili mataifa yote. Mnajua kila nchi huwa na jiwe lake la kilo, limefungiwa mahali salama, ili mawe ya sokoni yapimwe kwalo. Basi Shwarini walijiuliza: kama kilo ina jiwe lake, kijana je? Wakamtafuta kijana mmoja, wakamweka kwenye chumba cha vioo mwisho wa ukumbi ili jua, upepo na marafiki wabaya visimharibu. Wakamwita Kijana wa Kipimo. Kwa jina la kazini aliitwa Chipukizi. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahauliwa na kila mtu, labda isipokuwa mama.

Chipukizi aliingizwa mle akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya nidhamu, ndivyo ilivyotangazwa. Wakati wa hadithi hii alikuwa anaelekea hamsini. Alivaa kaptura, soksi nyeupe na beji. Mvi zake zilinyolewa kila Jumatatu na kinyozi wa Serikali. Miwani alikatazwa, maana kijana haoni vibaya, kwa hiyo alishika karatasi mbali kabisa, mkono umenyooka, kama mtu anayemwonyesha nyoka mlango.

Hiyari akishasoma maneno ya kijana wa riwayani, Mheshimiwa aliuliza: "Kijana, vijana mnasema hivi?"

Kama yule wa riwayani alisema "Asante sana wazazi wangu kwa kunionya", Chipukizi alijibu: "Ndivyo tusemavyo, Mheshimiwa." Kama alisema neno lolote lenye chumvi, Chipukizi alijibu: "Vijana hatusemi hivyo." Mswada ukaenda kuchemsha chai.

Hiyari alimdharau mtu yule mpaka dharau ikawa tabia, kama kukohoa.

Ipo kanuni moja zaidi, na niwaombe muishike, kwani ndiyo yenye miba. Mhusika akikubaliwa kuwa anasadikika, basi yupo. Akiwa yupo, ni raia. Na raia hawezi kuachwa akirandaranda kitabuni bila kujulikana anaishi wapi. Anatafutwa, analetwa. Wale wa "asante wazazi wangu" walipatikana kirahisi: polisi walimkamata mtoto yeyote mpole, akalishwa keki, akapigwa picha, akarudishwa kwao. Mhusika mwenye mdomo alikubaliwa mara moja tu, zamani, kabla ya Hiyari kuajiriwa. Aliyeletwa siku ile hakurudi kutuambia keki ilikuwa na ladha gani.

*

Asubuhi moja mswada uliingia ukiwa na namba bila jina, kama ilivyo desturi. Kichwa chake: *Kaa Chini*. Hiyari aliufungua huku anapiga miayo, akasoma mstari wa kwanza, miayo ikamfia mdomoni.

"Baba yangu," alisema msichana wa kitabuni, "anafanya kazi ya kusoma vitabu ili wengine wasivisome. Akirudi nyumbani huvua viatu kwanza, halafu anavua sauti."

Akaufunga. Akatazama huku na huku. Bi. Zamoyoni alikuwa mezani kwake anang'oa meno ya tashbihi. Hiyari akafungua tena, ukurasa wa katikati, kwa matumaini kwamba macho yamemdanganya. Macho hayakuwa na hatia. Msichana yule alitania alivyotaniwa yeye mezani kwake. Alikatiza maneno pale pale anapokatiziwa yeye. Hata babu wa kitabuni alikuwa na kuku mmoja mwenye kiburi, na kuku huyo Hiyari alimla Idi iliyopita.

"Vipi, Mwalimu?" aliuliza Bi. Zamoyoni. "Una homa?"

"Nathari tu, mama. Imenipanda."

"Iwahi na maji."

Jioni alimkuta binti yake, Sikudhani, barazani anachagua mchele. Mama mtu alikuwa ameenda msibani kwa majirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikudhani."

"Abee."

"Kuna kitabu kimeletwa kazini leo."

"Si ndiyo kazi yenyewe? Wangeleta samaki ningeshangaa."

"Kinaitwa *Kaa Chini*."

Sikudhani hakuinua kichwa. Lakini aliuma shavu kwa ndani, upande wa kushoto. Tangu akiwa na meno ya utoto, hivyo ndivyo alivyozuia kicheko.

"Kizuri?" aliuliza.

"Kizuri mpaka kinatisha."

"Sasa mbona unasema kama mtu aliyetoka kuzika?"

Hiyari alikaa kwenye mkeka, jambo ambalo alikuwa halifanyi akiwa na suruali ya kazini. "Kwa nini, mwanangu? Una umri wa miaka kumi na mitano. Kwa nini hukupenda mpira wa pete kama wenzako?"

"Si wewe! Kila siku hapa chakulani: 'Leo tena nimesoma kijana maiti. Anashukuru kama bawabu wa hoteli. Hivi nchi hii haina hata mtoto mmoja anayeongea?' Nikasema masikini baba yangu, atakufa na kiu. Ngoja nimtafutie mmoja."

 Mtu akikupa zawadi ambayo itamuua, unamshukuru kwa maneno gani?

"Nitakifelisha," alisema.

Mchele ukasimama. "Utafanyaje?"

"Nitakisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Mzee ataamka. Akiamka, kinaenda jikoni, kesi imekwisha, hakuna anayeuliza nani aliandika."

"Yaani kikiwa kizuri kinachomwa, kikiwa kibaya kinapewa tuzo."

"Ndiyo."

"Na huko ndiko unakokwenda kila asubuhi, baba? Kwa miguu yako mwenyewe, hakuna anayekusukuma?"

"Sikudhani!"

"Nauliza tu. Na mzee asipoamka?"

"Yupo yule wa kaptura. Yule hajawahi kumkubali kijana mwenye mdomo. Hata wewe mwenyewe ukisimama mbele yake atasema hupo."

Binti aliurudia mchele wake. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ndogo: "Lakini utakisoma vizuri kweli?"

"Kweli."

"Kabla ya 'Nikakaa' unatulia."

"Nani amekufundisha kutulia, wewe au mimi?"

Na ilikuwa kweli. Hiyari ndiye aliyemlea mtoto huyu kwa msemo mmoja: sentensi iliyosomwa vibaya ni chapati iliyogeuzwa mapema, unga ni ule ule, lakini chakula hakuna. Wazazi wengine huwaachia watoto wao shamba.

*

Kesho yake pilau ililiwa, maziwa yakashuka, Mheshimiwa Mangushi akajilaza. Pumzi ikaanza kuvutwa kama kiti kizito sakafuni. Hiyari alikuwa ameshazichomoa kurasa za nyumbani kwake, akafungua ukurasa wa shule. Akasimama vizuri. Na ile sauti ya kuazima, ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiitumia kufungia pumba, leo aliiachia.

"Mkuu wa shule alituambia sisi ni taifa la kesho," alisoma. "Nikanyoosha mkono, nikamwuliza: Na taifa la leo ni la nani? Akasema: Kaa chini."

Akatulia.

"Nikakaa. Kumbe taifa la leo ni la waliosimama."

Kiti kizito kikaacha kuburutwa. Jicho la Mheshimiwa likafumbuka, moja, jekundu, likatazama dari. Moyo wa Hiyari ukapiga vigelegele.

"Jikoni!" alisema Bi. Zamoyoni, tayari amenyoosha mkono. "Mheshimiwa ameamka. Nathari ina kelele."

Jicho la pili likafumbuka. "Endelea," alisema Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, kanuni inasema ukiamka..."

"Kanuni gani?"

Bi. Zamoyoni akashusha mkono. Maana kanuni ya usingizi wa Mheshimiwa ilitungwa Mheshimiwa akiwa usingizini, na tangu hapo hakuna aliyepata ujasiri wa kumweleza kwamba kulala kwake ndiko kulikokuwa kipimo cha fasihi ya taifa.

"Endelea, Mwalimu. Aliyekaa chini akafanya nini?"

Hiyari akasoma. Ungefanya nini wewe? Akajaribu kusoma ovyo, lakini sentensi za binti yake zilikuwa kama mbuzi wa nyumbani, zilijua njia. Mheshimiwa akakaa. Akafunga kifungo cha suruali, dalili ambayo Baraza halikuwahi kuiona mchana. Na pale msichana alipoelezea jinsi shule nzima ilivyofundishwa kushangilia kwa zamu, darasa moja likifurahi, jingine likipumzika, kitu kikasikika mwisho wa ukumbi.

Kilikuwa kicheko. Kilitoka kwenye vioo. Kilikuwa kimekauka, kina kutu, kikatoka kwa vipande kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu. Kisha kikaja chote.

Wote wakageuka. Chipukizi, Kijana wa Kipimo, alikuwa ameegemea kioo, kaptura inamtetemeka, machozi yanashuka mashavuni.

"Kijana," alisema Mheshimiwa polepole. "Vijana mnasema hivi?"

Hiyari alimtazama mtu aliyemdharau miaka yote ile kama unavyomtazama daktari anapotoka kwenye chumba cha upasuaji. Sema, alimwomba moyoni. Sema ulivyozoea. Sema, jinga wewe, baba yangu, ndugu yangu, sema.

"Zamani," alisema Chipukizi, bado anajifuta, "nilikuwa nasema hivyo hivyo."

Kisha akajisikia. Uso wake ukabadilika, akapiga kioo kwa viganja. "Hatusemi hivyo! Mheshimiwa, vijana hatusemi hivyo! Hatusemi hivyo!"

Lakini Bi. Zamoyoni alikuwa ameshatamka neno linalotakiwa kutamkwa. "Anasadikika."

Mheshimiwa Mangushi alisimama. Alikuwa mtu mwenye huruma sana, kila mtu alisema hivyo, na sasa sauti yake ilijaa huruma mpaka madirisha yakaona baridi. "Ndugu zangu," alisema, "mara ya mwisho mimi kumsikia kijana nilikuwa na meno yangu yote. Huyu tuliye naye amechakaa, tumemtumia, tumshukuru. Leo nimesikia kijana mbichi. Yupo huko nje peke yake, anapigwa na jua, anakua. Kila siku tunayochelewa anazidi kuharibika. Mleteni tumtunze."

*

Kazi ya kumtafuta alikabidhiwa Bwana Mapunda, Afisa Msikilizaji, mtu mpole aliyesikiliza akiwa amefumba macho na kuwaambia mahabusu wake "pole" kabla hawajajua kwa nini. Mbinu yake haikuhitaji rungu. Ile sehemu ya "Kaa chini" ingesomwa paredi kwenye kila shule nchini, na yeye angesikiliza.

"Mtu huifahamu sentensi yake," alimweleza Hiyari, "kama mama anavyofahamu kilio cha mwanawe katikati ya soko. Atajitikisa tu. Na msomaji utakuwa wewe, Mwalimu. Aliyemwamsha Mheshimiwa hawezi kushindwa kumwamsha mtoto."

"Nina mafua, afande."

"Pole. Tutakuwa na maji ya uvuguvugu."

Hiyari alimfundisha binti yake barazani. Alisoma, Sikudhani akasikiliza. Alisoma tena, Sikudhani akasikiliza. Mwanzoni shavu la kushoto lilimsaliti. Baadaye likatulia. Mwishowe mtoto aliweza kusikia maneno yake mwenyewe akiwa na uso wa mtu anayesikiliza bei ya saruji.

"Unaona?" alisema. "Wala sichekeshwi. Nimekuwa kama nyinyi."

"Usiseme hivyo."

"Si ndiyo tunachotaka?"

Wakazunguka shule. Shule za pwani ya ziwa, shule za milimani, shule zenye kengele na zenye rimu ya gari iliyoning'inizwa. Hiyari alisoma vizuri kila mahali, maana hakuwa na la kuogopa huko, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ilikuwa raha. Watoto walibana vicheko mpaka sare zikapanda na kushuka. Bwana Mapunda alifumba macho, akatikisa kichwa. Hayupo. Twende.

Wakafika Sekondari ya Wasichana Tumetulia, anakosoma Sikudhani.

Usiku ule wa kuamkia siku hiyo Hiyari aliwaza sana, na mtu wa Baraza akiwaza sana, kaeni chonjo. Aliwaza hivi: nikiisoma vizuri, sentensi itamgusa; mtoto ni mtoto, itampanda, shavu litacheza, Mapunda atasikia hata shavu. Lakini nikiisoma vibaya, vibaya kabisa, haitakuwa sentensi yake tena. Atasikia kelele tu. Atapona.

Alikuwa amekaa mno na watu wanaoamini kwamba maandishi mabaya hayamdhuru mtu.

Wasichana walipangwa uwanjani. Sikudhani alikuwa mstari wa tatu, uso wa bei ya saruji. Bwana Mapunda alifumba macho. Hiyari akaanza kusoma puani, kama mtu anayetangaza nauli.

"Mkuuwashulealituambiasisinitaifalakesho," alisema, akavuta pumzi mahali pasipotaka pumzi, "nikanyoosha. Mkono nikamwuliza na taifa la leo ni la nani akasema kaachininikakaakumbe..."

 Hakuna aliyecheka, kwa sababu hapakuwa na cha kuchekwa. Hiyari alianza kupumua.

"Mara nyingine, Mwalimu," alisema Bwana Mapunda, macho hayajafunguka. "Mafua yamekuzidi leo. Pole."

Hiyari akasoma mara nyingine, vibaya zaidi. "Akasema kaa chini" aliisema kwa upole, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni kiti. Akaongeza "tafadhali". Sehemu ya kutulia aliikanyaga kama mtu anayezima kipande cha sigara.

Sikudhani alikuwa amejiandaa kutocheka. Hakujiandaa kukasirika.

"Baba, si hivyo!"

Uwanja mzima ukageuka. Mtoto alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini kikombe kikishaanguka hakuna haja ya kuendelea kushika sahani. Akashusha mikono, akamtazama baba yake tu, kama vile wako barazani na mchele. "Kabla ya 'Nikakaa' unatulia," alisema. "Ukikimbia, haichekeshi mtu. Ulinifundisha mwenyewe."

Bwana Mapunda alifumbua macho. Yalikuwa macho mazuri, ya kahawia, na watu wachache waliwahi kuyaona.

"Njoo utusomee wewe, binti," alisema. "Pole."

Akaja. Hakuhitaji karatasi. Akasema ile sehemu yote akitazama juu ya vichwa vya wenzake, na kabla ya "Nikakaa" alitulia mpaka ukasikia bendera inajikunja. Kisha akaimalizia. Shule nzima ikaangua kicheko, wasichana wakashikana mabega, mkuu wa shule akacheka kabla hajakumbuka kwamba ni yeye anayechekwa. Hata Bwana Mapunda alitabasamu alipokuwa anamshika mkono.

Inasemekana hicho ndicho kicheko cha mwisho kusikika Tumetulia. Sijui. Mimi sikuwepo, na waliokuwepo wamekua.

*

Sherehe ya makabidhiano ilikuwa nzuri. Palikuwa na keki. Mheshimiwa Mangushi alihutubia kwa muda mrefu juu ya umuhimu wa kuwasikiliza vijana, huku kijana akiwa ndani ya vioo, vilivyoongezwa unene baada ya kile kicheko, ambako hasikiki mpaka mtu abonyeze kitufe. Mama yake Sikudhani aliombwa asilie kwa kuwa picha zinapigwa. Hiyari alipongezwa kwa kulea kipimo cha taifa. Alipewa mkono na watu wengi; akashangaa kwamba mkono wenyewe bado upo.

Chipukizi alistaafishwa papo hapo. Walimvua kaptura, wakamvisha kanzu, wakampa bakora na kumwita Mzee. Aliingia mle kijana, akatoka mzee. Utu uzima aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Hiyari alimkuta nje kwenye ngazi, anaikodolea barabara.

"Unanichukia, Mwalimu," alisema yule mzee mpya.

"Nilikudharau. Leo sijui nina nini."

"Mimi sikuletwa mle kwa nidhamu. Nililetwa na kitabu, kama wako. Nilikuwa na mdomo mimi, acha tu! Mama alikuwa akinifukuza jikoni nisije nikamchekesha akaunguza maharage." Akaigeuza bakora mkononi. "Wale wote niliowakataa, Mwalimu. Ulidhani siwasikii? Walikuwa hai, mmoja mmoja. Walikuwa wakipumua kwenye karatasi. Nikisema 'hatusemi hivyo', kitabu kinaungua, mtoto anabaki kwao. Ndiyo kazi niliyojipa."

Hiyari alimgeukia. "Basi kwa nini si wangu? Wote uliwaokoa. Kwa nini si wangu?"

"Nilicheka," alisema mzee. "Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko hakiombi ruhusa. Na wewe ulisoma vizuri mno."

 Kutoka ukumbini ilisikika hotuba ikianza upya.

"Mwaka wa kwanza ndio mgumu," alisema Chipukizi. "Unalala na maneno kooni. Baadaye unasahau ulichotaka kusema. Halafu unasahau kwamba ulitaka." Akasimama ukingoni mwa barabara, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia, akingoja mtu mkubwa aje amvushe. Hiyari alimvusha.

*

Msimu wa miswada uliporudi, Baraza lilikaa kama kawaida. Sikudhani alikuwa na soksi nyeupe na beji. Sare yake ilikuwa imeshonwa bila pindo la kuachia, kwa sababu alikuwa amekatazwa kurefuka. Baba yake alimwona kila siku ya kazi, hatua chache tu, jambo ambalo Mheshimiwa alipenda kuwakumbusha wazazi wengine kama mfano wa Serikali inayojali familia.

Siku hiyo Hiyari alifungua mswada, akajua kabla hajamaliza mstari. Mvulana. Mahali fulani Shwarini kulikuwa na mvulana mwenye mdomo. Akajitahidi kuusoma kama ratiba ya maji, lakini Mheshimiwa siku hizi alikuwa analala usingizi mwepesi, wa mtu aliyewahi kuamshwa na kitu kizuri.

"Mgeni rasmi alichelewa," alisoma Hiyari, "mpaka tukampigia makofi mbwa aliyekatiza uwanjani. Mbwa akaona aibu, akakimbia. Hapo ndipo tulipojua kwamba siye mgeni rasmi."

Jicho likafumbuka. La pili likafuata. Mheshimiwa akageukia vioo, akabonyeza kitufe.

"Kijana. Vijana mnasema hivi?"

 Sikudhani akatulia kidogo, kama anayepima kitu ulimini. Hiyari alinyoosha shingo kulitafuta shavu la kushoto. Jua lilikuwa limeangukia kioo. Alichokiona pale ni uso wake mwenyewe, mwembamba, mdomo wazi.

"Vijana hatusemi hivyo, Mheshimiwa."

Sauti ilikuwa safi, imenyooka, haina hata kunyanzi.

"Safi," alisema Mheshimiwa, akajilaza tena. "Huyu sasa ameiva."

Mswada ukapelekwa jikoni. Chai ikachemka upesi, Hiyari akaletewa kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili. Alisogea pembeni, hatua moja, mpaka jua likaachia kioo. Lakini Sikudhani alikuwa ameshageuka kuutazama ukuta, kama kanuni inavyotaka baada ya jibu. Na kwa nyuma, ndani ya sare ile nyeupe, hakuna mzazi awezaye kumtofautisha mtoto anayezuia kicheko na mtoto aliyesahau kucheka.